Gari ya mashindano inadunda ukikanyaga mwendo? Anzia hapa kabla hujagusa springi

Wakuu, dereva akirudi gereji analalamika gari inadunda, usimuulize inadunda kiasi gani, muulize ilianza spidi ngapi. "Inadunda sana" haipimiki. "Kama 205 hivi, gia ya tano, nikishapita lile daraja" hiyo inapimika, na hiyo namba moja ndo fimbo yako ya kupimia kazi yote inayofuata. Kila utakachobadilisha swali linabaki lilelile: ile 205 imesogea au iko palepale, na kama imesogea, umelipa milimita ngapi za kimo cha gari?

Mimi naongea kama mtu wa data kwenye timu ndogo ya klabu huku Uingereza, watu sita na van moja, kazi ya wikiendi. Handaki la upepo, lile la kupulizia gari hewa na kuipima, hatuna na hatutakuja kuwa nalo. Ila ugonjwa ni uleule uliowatoa jasho wakubwa wa Formula 1 mwaka 2022, na namna ya kuutafuta haina tofauti kubwa, wao wanalipa tu bei nyingine.

Kwa asiyekumbuka, 2022 sheria zilibadilika, sakafu za magari zikarudishiwa mifereji mikubwa chini ya kunyonya gari kwenye lami. Wakafika Barcelona mwezi wa pili kwa majaribio ya kwanza, magari mapya yanang'aa, yakifika kwenye njia iliyonyooka yanaanza kuitikia kichwa kama abiria anayesinzia siti ya nyuma ya daladala. Mercedes ndo walikuwa na hali mbaya zaidi msimu ule. Wazungu hiyo kitu wameipa jina la pomboo, na kama umewahi kupanda boti ya Zanzibar ukawaona wanavyoibuka na kuzama, kuibuka na kuzama, basi umeshaelewa.

Inavyotokea ni hivi. Kati ya sakafu na lami kuna uwazi mwembamba, hewa ikipita pale inabanwa, inaenda mbio, presha yake inashuka, gari inanyonywa chini. Ikishuka uwazi unazidi kuwa mwembamba, inanyonywa zaidi. Inafika mahali hewa inakosa pa kupita, mvuto unakatika ghafla, na springi na tairi ambazo zilikuwa zimebanwa vibaya zinairusha gari juu, ikipanda kidogo tu hewa inafunguka, inanyonywa tena. Mara tano sita kwa sekunde. Timu ya Lotus walikutana nayo zamani, sakafu za namna hii ziliwapa ubingwa mwaka 1978 na Mario Andretti, mwaka uliofuata wakataka mvuto zaidi wakaleta Lotus 80, ikadunda mpaka wakaiweka pembeni baada ya mbio tatu. 1983 sakafu zikaamriwa ziwe bapa, watu wakasahau, ndo maana 2022 wahandisi wengi walikuwa wameisoma tu vitabuni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni hewa kweli

Hapa ndo watu wengi wanapoteza wiki nzima. Washukiwa ni watatu: lami, tairi na hewa, na wote watatu dereva atakwambia "inadunda". Kuwatofautisha ni hesabu ya darasa la saba.

Lami ikiwa na mawimbi, tuseme kila mita 10 kuna kigongo, ukienda 180 (hiyo ni mita 50 kwa sekunde) unapigwa mara 5 kwa sekunde. Ukienda 216, mita 60 kwa sekunde, unapigwa mara 6. Yaani idadi inapanda na spidi. Tairi ambayo haijabalansiwa ni vilevile inafuata spidi ila idadi yake ni kubwa zaidi, tairi yenye mzunguko wa mita 2 kwa hiyo 180 inazunguka mara 25 kwa sekunde, huo ni mtetemo wa kwenye usukani, mdundo wa mgongo ni kitu kingine kabisa. Sasa hewa tabia yake ni ya peke yake: chini ya spidi fulani kimya, juu ya hiyo spidi inaanza, na ikishaanza idadi ya midundo kwa sekunde inabaki karibu palepale hata ukiongeza mwendo, kinachokua ni ukubwa wa mdundo. Kwa sababu gari inadunda kwa mapigo yake yenyewe, yale yanayotokana na uzito wake, springi zake na tairi zake, hewa inasukuma tu kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea.

Kwa hiyo chukua grafu ya mtikisiko ya sekunde tatu (sensa zake ziko hatua ya 2) kwenye spidi mbili tofauti, hesabu vilele kwa kidole. Vikibaki sawa, endelea kusoma. Vikiongezeka na spidi, nenda kabalansi tairi zako au tafuta njia nyingine ya kufanyia majaribio, kabla hujaikata sakafu ya watu bure.

Hatua ya 2: Sensa, na mahali pa kuzifunga

Unahitaji vitu vitatu. Leza ya kupima kimo toka kwenye lami, moja mbele moja nyuma. Sensa ya urefu kwenye kila shokapu. Na sensa ya mtikisiko wa juu na chini, hiyo ifunge chini ya kiti cha dereva, kwa sababu anayeumia ni yeye. Zote zirekodi angalau mara 100 kwa sekunde, ukitegemea ile GPS ya mara 10 utaona kitu kama milima ya mtoto wa chekechea na hutaelewa chochote.

Kwenye kufunga nisikilize vizuri maana hii tulilipia. Leza ya nyuma tuliifunga pembeni ya sakafu, kwa nini? Kwa sababu palikuwa na tundu tayari. Data ikatuambia nyuma inacheza milimita 14, tukashinda siku nzima tunazungusha vinobu vya shokapu, kliki mbili huku, kliki tatu kule, hamna kitu. Jioni tunapakia, kijana mmoja akakanyaga pembeni ya sakafu gari ikiwa juu ya stendi, sakafu ikainama chini ya kiatu chake na chesisi imetulia kimya kama haijui. Tukaangaliana. Leza yetu ilikuwa inapima sakafu inavyopunga mkono, gari yenyewe haikuwa inacheza hivyo.

Basi leza inafungwa kwenye chesisi. Ila usiitupe ile ya pembeni, iache, maana tofauti kati ya hizo mbili ndo inakwambia sakafu yako inapinda kiasi gani ikiwa kwenye mwendo, na tutairudia hiyo mbele.

Hatua ya 3: Siku ya kupanda ngazi

Tafuta njia iliyonyooka na laini, sisi tunakodi uwanja wa ndege wa zamani. Barabara ya umma hapana, hata saa tisa usiku, hata kama unaijua. Asubuhi pima na uandike: upepo wa tairi zikiwa baridi na zikiwa moto, mafuta yaliyomo, uzito wa dereva, kimo cha gari imesimama, joto la hewa, na upepo unavuma toka wapi.

Halafu panda ngazi. 160, 180, 190, 200, 210, kila ngazi dereva anashikilia spidi ileile kwa sekunde sita, bila kuongeza bila kupunguza. Kwa 210 sekunde sita zinakula mita 350, kwa hiyo piga hesabu ya urefu wa njia na breki kabla hujamtuma mtu. Kila ngazi aende na arudi, upepo ukivuma usoni na mgongoni gari inaona spidi mbili tofauti za hewa, na sakafu yako haijui spidi ya kwenye dashibodi, inajua spidi ya hewa tu. Siku ya upepo wa kilomita 15 kwa saa utakuta kwenda inaanza 198 na kurudi inaanza 225 au zaidi, watu wanabishana bure kumbe ni kitu kilekile.

Mwambie dereva mapema kabisa: ukiona maandishi ya dashibodi yanachanganyika machoni, achia mafuta, hamna ushujaa hapa. Na usimpe zaidi ya raundi chache kwa mkupuo. Baku, Juni 2022, Lewis Hamilton alimaliza wa nne na kushuka kwenye gari ilikuwa shughuli, ameshika mgongo. Huyo ni bingwa wa dunia mara saba mwenye watu wa kumkanda mwili kila siku, sasa wewe na dereva wako anayeenda ofisini Jumatatu.

Hatua ya 4: Nani anacheza, shokapu au tairi?

Kama una muda wa kusoma kipengele kimoja tu, soma hiki.

Chukua sekunde mbili za mdundo, weka grafu ya leza ya nyuma juu ya grafu ya shokapu ya nyuma. Shokapu usiisome kavu, igeuze kwanza iwe mwendo wa gurudumu, kama shokapu inasogea 0.7 gurudumu likisogea 1, basi gawanya kwa 0.7. Sasa tuseme chesisi inapanda na kushuka milimita 12, na gurudumu kuhusiana na chesisi linasogea milimita 3 tu. Zile 9 zimeenda wapi? Ziko kwenye tairi. Gari yako inadunda juu ya mpira kama mpira wa kikapu, na tairi haina shokapu ndani yake, ina uwezo mdogo sana wa kuua mdundo. Shokapu yako ya bei mbaya imekaa inaangalia.

Ndo maana ile dawa ya kwanza ya kila fundi, kukaza springi, mara nyingi inazidisha. Fanya hesabu. Tairi ina ugumu wa niutoni 250 kwa milimita, springi pale kwenye gurudumu 150. Zimepangana moja juu ya nyingine, kwa hiyo ugumu wa jumla ni kama 94. Ukaweka springi ngumu mara mbili, 300, jumla inakuwa 136. Umelipia mara mbili umepata nusu ya ulichotegemea, na juu ya hapo umehamishia mchezo kwenye tairi zaidi.

Na kuna mtego mwingine ndani yake, huu umekula watu wengi wanaojiona wanajua. Tuseme kwenye spidi unayopima hewa inasukuma ekseli ya nyuma kwa niutoni 6000, gurudumu mbili. Kwa springi laini nyuma inashuka milimita 32. Kwa springi ngumu inashuka 22. Kwa hiyo ulipobadilisha springi tu, hukubadilisha kitu kimoja, ulibadilisha viwili, ugumu na kimo cha gari kwenye mwendo, milimita 10 nzima! Mdundo ukipungua utasema springi ndo dawa kumbe ni kimo tu, ungekipata kwa kuzungusha nati bila kununua kitu. Ukitaka kulinganisha kwa haki, ukifunga springi ngumu shusha gari ile milimita 10 ikiwa imesimama, ili kwenye mwendo sakafu iwe palepale ilipokuwa. Kimo cha gereji ni cha mkaguzi, wewe angalia kimo cha kwenye mwendo.

Hatua ya 5: Badilisha kimoja, rudi, pima

Mpangilio wangu ni huu, wengine watakuwa na wao.

Anza kuinua nyuma milimita 5. Hii ni kipimo, usiifanye dawa. Kama ni hewa, spidi ya kuanzia lazima ipande. Isipopanda kabisa rudi hatua ya 1 kwa unyenyekevu. Ikipanda, andika imepanda kilomita ngapi kwa zile 5, halafu irudishe gari ilipokuwa. Ndiyo, irudishe. Kuinua gari kunaponya kila kitu na kunakuibia mvuto wote uliojenga sakafu kuupata, kwenye kona utalia.

Kisha shokapu. Hapa kuna kosa la kawaida la kugusa kinobu cha shokapu kinachorekebisha mwendo wa haraka kwa sababu mdundo "unaonekana" wa haraka. Piga hesabu: 6.28 mara midundo kwa sekunde mara milimita za kila upande. Midundo 5, milimita 2, unapata kama 63 kwa sekunde. Hiyo kwa shokapu ni mwendo wa polepole, kwa hiyo kinobu cha polepole ndo chenye kazi, kliki mbili mbili, kwanza upande wa kurudi halafu upande wa kubana. Kama shokapu haisogei hata milimita moja, usihangaike nayo, hakuna kinobu kinachotuliza kitu kilichosimama. Kwenye hali hiyo jaribu kinyume cha akili ya kawaida: springi laini zaidi, gari ikiwa imeinuliwa ili kimo cha kwenye mwendo kibaki kilekile. Shokapu inapata nafasi ya kufanya kazi. Kwetu hii ilisaidia kuliko kliki zote za dunia.

Upepo wa tairi, panda au shuka kwa psi moja na nusu, uone tu mwelekeo, na usishuke chini ya kima alichoandika mwenye tairi. Faida yake ni ndogo.

Ukimaliza majaribio yote, mwisho wa siku rudia setapu ya asubuhi. Kama asubuhi ilianza 205 na jioni setapu ileile inaanza 211, basi siku imekudanganya kwa kilomita 6, joto, upepo, mafuta yamepungua, na mabadiliko yoyote yaliyokupa chini ya hapo yafute kwenye daftari.

Hatua ya 6: Sasa ingia chini ya gari

Kumbuka ile leza ya pembeni. Kama tofauti yake na ya chesisi ni milimita kadhaa, sakafu yako yenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Ikinyonywa pembeni inainama, inaziba njia ya hewa mapema kuliko ulivyochora, halafu ikiachiwa inarudi juu kama kofi. F1 waliliona hili haraka, baada ya Barcelona wakaruhusiwa kufunga kishikizo cha kushika sakafu kwa juu. Baadaye Montreal, mwezi wa sita, Mercedes wakafunga cha pili siku ya Ijumaa, wapinzani wakapiga kelele, kikatolewa. Kijiti chembamba cha chuma, ugomvi wa dunia nzima.

Kabla ya kufunga kishikizo, pima gereji: ning'iniza kilo 10 pembeni ya sakafu, soma imeshuka milimita ngapi, funga kishikizo, ning'iniza tena. Dakika kumi, bure.

Kuona hewa yenyewe, ile rangi ya kijani mnayoona kwenye magari ya F1 ni mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa yamechanganywa na unga unaong'aa. Paka pembeni ya sakafu na kwenye mdomo wa nyuma inapopandia, mbali na breki na ekzosi tafadhali, nenda raundi moja kwa spidi iliyo chini kidogo ya kuanza kudunda, rudi piga picha. Mistari ikiwa imenyooka hewa imeshika. Pale rangi imekaa kama madimbwi au imerudi nyuma, hewa imeachia, na hapo ndo pa kukata au kuinua. Mara nyingi kukata kipande kidogo cha pembeni kinachokaribia tairi ya nyuma kunaruhusu hewa kidogo kuvuja ndani, mvuto unapungua kidogo ila haukatiki ghafla, na kinacholeta mdundo ni kukatika ghafla. FIA, wasimamizi wa mbio hizo, nao walipitia mlango huohuo, mwaka 2023 wakaamuru pembe za sakafu zipande milimita 15.

Watu huniuliza kwa nini hao wenye mabilioni hawakuliona kwenye handaki. Sheria zao haziruhusu modeli kubwa kuliko asilimia 60 ya gari halisi, wala hewa zaidi ya mita 50 kwa sekunde, ambayo ni 180. Na modeli imeshikwa na mkono wa chuma, haiwezi kudunda hata ikitaka.

Hatua ya 7: Rudi kwenye njia yenye mashimo

Uwanja wa ndege ni laini, mbio haziko pale. Mercedes Mei 2022 walifika Barcelona na maboresho, gari ikatulia kwenye njia iliyonyooka, watu wakapumua. Wakaenda Monaco na Baku, mitaa ya mjini, mgongo ukaanza tena, safari hii mdundo wa hewa ulikuwa umepungua ila gari ilikuwa ngumu na iko chini, inapigwa na lami moja kwa moja. Maumivu ni yaleyale lakini sababu ni nyingine, na ukitumia dawa ya kwanza kwa ugonjwa wa pili unarudi nyuma. Kwa hiyo kwenye siku ya mazoezi rudia ile hesabu ya vilele ya hatua ya 1, usijisemee "hii tunaijua".

Angalia na ubao wa chini, ule unaofungwa tumboni mwa gari na kusagika ikigusa lami, kila ukitoka. Wa F1 una milimita 10 na ukilika kubaki chini ya 9 unafukuzwa kwenye matokeo, wako usome kanuni za klabu yako, ila alama za kusaga zinakwambia ni mbele au nyuma inagonga, na zinaongea ukweli kuliko dereva. Ile sensa ya chini ya kiti nayo usiizime. FIA kuanzia Ubelgiji, Agosti 2022, waliweka kikomo cha mtikisiko, jouli 10 kwa kilo kwa kila kilomita 100. Sisi hatuna anayetukagua hivyo, lakini tunaweka grafu ya kiti ukutani, dereva anaiona.

Gari yetu iliishia na vishikizo viwili vya waya pembeni, springi laini hatua moja, nyuma juu milimita 4. Uwanjani inaanza kudunda 228. Njia ndefu kuliko zote kwenye ratiba yetu gari inaishia 222, tukafunga maboksi ya spana tukaenda kula.